Injini Katikati, Paa Wazi

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawanya sisi wa mabwenini muhula huu. Naipokea kwa mikono miwili, maana katika mjadala wa Ijumaa nilipewa dakika nne tu, na kengele iligongwa nikiwa ndiyo kwanza namaliza salamu.

Jambo lenyewe lilianza kwa picha. Mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule hii, afanyaye kazi ng'ambo, alituletea kwa posta picha kubwa ya motokaa nyekundu, Chevrolet Corvette ya kizazi cha 8, ile isiyo na paa. Sisi wapenda magari hukutana kila Jumamosi baada ya kufua nguo, basi tukaibandika ukutani katika chumba chetu. Wiki ya pili mtu akaandika kwa chaki chini yake: "Na mahindi utayaweka wapi?" Wiki ya tatu ikaletwa hoja mbele ya shule nzima, kwamba kushabikia motokaa ya namna hiyo katika nchi kama yetu ni upuuzi, na kwamba picha iondolewe, mahali pake ibandikwe picha ya basi la Kiira. Hoja ikapita kwa kura nyingi. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa.

Nieleze kwanza motokaa yenyewe, maana wengi walipiga kura bila kujua wanapinga kitu gani.

Corvette ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1953, na mwaka huo wa kwanza zilitoka 300 tu, zote nyeupe, zote za wazi. Kwa zaidi ya miaka 60 injini yake ilikaa mbele, chini ya boneti, kama ya motokaa nyingi tuzijuazo. Mhandisi mmoja aliyeilea motokaa hiyo, Zora Arkus-Duntov, alitamani injini ihamishwe ikae katikati, nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya magurudumu ya nyuma. Alitengeneza magari ya majaribio ya namna hiyo, lakini alifariki mwaka 1996 bila kuona Corvette hata moja ya hivyo ikiuzwa. Ilionyeshwa Julai 2019, na ile ya paa la kukunja ikafuata Oktoba mwaka uo huo. Injini ina silinda 8, lita 6.2, na nguvu za farasi zipatazo 490. Paa lake ni gumu, si la turubai, nalo hukunjwa na mota za umeme kwa sekunde 16. Tena kwa mara ya kwanza kiwanda chenyewe kikatengeneza Corvette za usukani wa kulia, kama ulivyo usukani wetu huku. Tangu siku hizo zimetoka nyingine za kizazi hicho hicho zenye nguvu kuipita, kwa hiyo si mpya sana duniani. Ukutani kwetu ni mpya.

Faida ya injini kukaa katikati ni nini? Ninyi mliowahi kuchota maji mwajua. Funga madumu mawili kwenye ncha mbili za mti, uubebe begani, kisha ujaribu kugeuka njiani mbuzi anapokukatiza. Kugeuka ni kazi, na ukishaanza kugeuka, kusimama ni kazi zaidi. Madumu yale yale ukiyakumbatia kifuani, wageuka upesi. Uzito ni ule ule, mahali ulipokaa ndipo tofauti. Tena mtazameni mchukuzi wa ndizi apandaye na baiskeli kutoka upande wa Kamuli, mikungu yote imefungwa nyuma kabisa. Kilimani gurudumu lake la mbele huinuka kama pua ya mbwa anayenusa, na usukani hausikii. Hiyo ndiyo hatari ya kuweka mzigo nyuma ya ekseli. Mtu aliyeweka injini katikati ameukumbatia mzigo, lakini pia ameyaachia magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, sehemu kubwa ya uzito ili yashike barabara.

Habari ya paa ni fupi. Kila mmoja wetu alikuja hapa na sanduku la bati. Ling'oe kifuniko ulibebe kwa pembe moja, utaliona likipinda. Motokaa ikikatwa paa hupinda vivyo hivyo, isipokuwa iwe imefikiriwa tangu mwanzo kuwa ya wazi. Corvette hii ilifikiriwa hivyo, uti wake wa alumini ukafanywa imara chini na katikati.

Sasa nije kwenye maoni ya wapenzi wenyewe, maana watu hudhani sisi sote twasema neno moja. Hatukubaliani hata kidogo.

Mwenzetu mmoja wa kidato cha tano, atokaye Mbale, ni mtu wa kale ingawa ana miaka 17. Yeye asema Corvette yenye injini katikati si Corvette, kama vile mtu aliyebadili jina na kabila na dini si yule uliyesoma naye. Kisha hutoa hoja yake kubwa, nayo ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka uo huo wa 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalipata kushindwa na Volkswagen zenye injini nyuma. Yakashindwa mara nyingi na motokaa za injini mbele, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyatwaa mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini motokaa ya injini katikati haikuyashinda hata mara moja. Lancia Stratos, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya namna hiyo, iliipa kampuni yake ubingwa wa dunia miaka mitatu, 1974, 1975 na 1976, na huku kwetu ikaishia nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1975. "Barabara zetu zimekwisha kutoa hukumu," asema, na kwa kweli hakuna aliyemjibu vizuri mpaka leo. Mimi hujibu kwamba picha ile haikuomba kupelekwa kwenye tope la Bugisu, naye hucheka.

Wa pili hana neno na injini. Kisa chake ni gia. Corvette hiyo ina gia nane zinazojibadilisha zenyewe kwa klachi mbili zilizofichwa, na hakuna kanyagio la klachi kwa mguu wa kushoto, hata ukiwa tayari kulipia zaidi. Wapenzi wengi wa motokaa duniani walilalamika kwa hilo. Mwenzangu husema mtu asiyekanyaga klachi ni abiria aliyekaa karibu na usukani. Sikubali. Klachi ya kukanyaga ni mazoea, na mazoea yana utamu wake, lakini tusiyaite ustadi.

Wa tatu ndiye niliye upande wake. Corvette iliyofunikwa paa ina kioo juu ya injini, waweza kusimama nyuma ukaiona yote, mabomba na vifuniko vyake. Hii ya wazi haina, kwa sababu paa likikunjwa hulala juu ya injini, na mahali pa kioo pamefunikwa kabisa. Mtu amehamisha injini baada ya miaka 60 na zaidi, akaileta karibu na sikio lako, kisha akaifungia ndani kama ng'ombe wa kuibwa. Kwangu hiyo ni kasoro kubwa kuliko bei. Na nikiwa mkweli, kwa habari ya paa hawa wenye hoja walinishinda. Paa katika nchi hii lina kazi. Linazuia mvua ya ziwani inayokuja saa tisa bila kubisha hodi, linazuia vumbi la murami, na watu hufunga juu yake vitanda na kuku. Nipeni injini katikati, paa mwaweza kuliacha.

Wa nne ni mnyamavu, mtu wa hisabati. Siku moja tukibishana juu ya Corvette alisema polepole kwamba motokaa ya wazi yenye injini katikati ambayo mtu kama sisi angeweza kuinunua siku moja ilikuwapo, Toyota MR2 iliyotengenezwa tangu 1999 hadi 2007. Injini ya lita 1.8, silinda nne, uzito karibu tani moja, na vipuri vingi ambavyo fundi wa Jinja asingeshangaa kuviona. Bei yake ikiwa imetumika isingekuwa ya kutisha. Lakini sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza Uganda motokaa iliyofikisha umri wa miaka 15. Basi hesabu: ya mwisho ni ya 2007, mlango ulifungwa 2022, sisi tukiwa kidato cha tatu tunajifunza kuchora sakiti. Chumba kizima kilinyamaza. Sheria ina sababu zake, moshi na breki mbovu, wala siilaumu. Ila nakiri nilisikia kitu kama msiba mdogo.

Hayo ndiyo mazungumzo yanayoitwa upuuzi. Nimwendee sasa aliyeleta hoja, mwenzangu ninayemheshimu, kiranja tena. Alisimama akasema: "Kiwanda cha magari kipo Kagogwa, hapa hapa Mafubira. Wale hawakupoteza wakati kwa vichezeo vya matajiri. Wametengeneza basi." Makofi yakapigwa, na ndipo kura zilipokwenda.

Nami nasema, si kweli kwamba walianza na basi. Someni habari yao. Mwaka 2008 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishirikiana na wa vyuo vingine vya dunia katika motokaa iitwayo Vision 200, iliyoonyeshwa Torino, Italia. Kisha wakataka yao wenyewe. Novemba 2011 Kiira EV ikatembea kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya umeme, nayo ilikuwa na viti viwili. Viwili! Ukiweka mke, mtoto anabaki. Ukiweka gunia, mke anabaki. Waliipa jina la mto wetu, maana Kiira ndiyo Nile kwa Wasoga. Watu waliuliza maswali yale yale ya chaki yaliyoandikwa ukutani kwetu: ya nini, ya nani, mahindi yatakaa wapi? Mwaka 2014 ikafuata Kiira EV SMACK ya watu watano. Basi la Kayoola lilikuja Februari 2016, viti 35, na juu ya paa lake paneli za jua. (Hapo tena paa limeonyesha kazi yake, nakubali.) Mabasi ya umeme yaliyofuata yalitengenezwa kwanza Nakasongola, katika karakana za jeshi, huku kiwanda cha Kagogwa kikiwa bado kinajengwa. Ujenzi wake ulianza mwaka 2019, kwenye ekari 100.

Basi ni jambo jema, tena lina akili kuliko motokaa ndogo, maana basi moja lajaza watu wengi na njia yake yajulikana, hivyo hata mahali pa kuchajia pajulikana. Kama ningeulizwa kiwanda kitengeneze kipi leo, ningejibu basi bila kusita. Lakini waliolifikia basi walipitia kwenye kiti cha watu wawili. Hawakuanza kwa kuuliza gunia litakaa wapi. Walianza kwa kutamani kuona kitu kikitembea ambacho wamekifanya wenyewe. Kijana akikatazwa kutamani motokaa kwa sababu baba yake hana uwezo wa kuinunua, atatamani nini basi? Kiti cha ofisini?

Hapa sina budi kusema habari za baba yangu, ingawa sikuzisema Ijumaa.

Baba ni dereva wa taksi ya abiria 14. Njia yake ni Jinja na Iganga, na siku za sikukuu hufika Mbale. Kiswahili changu chatoka kwake na kwenye gereji alikonipeleka tangu nikiwa mdogo, mahali ambapo Msoga, Mgisu, Mjaluo na Mhindi huombana spana kwa lugha hii hii, kabla mwalimu yeyote hajanifundisha ngeli. Siku ya wazazi nilimweleza juu ya mjadala uliokuwa unakuja. Akacheka sana. Akanipeleka nje alipoegesha, akawateremsha wanawake wawili waliokuwa wamekaa mbele, akainua kiti. Injini ile pale, chini ya kiti, nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele. "Injini katikati," akasema, "miaka 22 naikalia." Wenye elimu ya mitambo watasema hiyo ni katikati ya mbele na ile ya Corvette ni katikati ya nyuma, nami najua. Lakini yeye alikunja shati akanionyesha alama ya kuungua iliyoko mkononi, niliyoizoea tangu utoto bila kuuliza ilikotoka. Kupima oili ni kuwashusha abiria. Kubadili plagi ni kulala kifudifudi juu ya joto.

Hataki niwe mhandisi. Ameniambia mara nyingi kwamba amesomesha mtoto ili mikono yake inuke wino, si dizeli. Nami katika fomu za chuo nimeandika uhandisi wa mitambo nafasi ya kwanza na nafasi ya pili. Hajasema ndiyo, wala hajasema hapana.

Siku ile ile nikamleta chumbani kwetu aione picha. Wenzangu walikuwapo, wakaanza kumpa hesabu zote: farasi, sekunde, silinda. Baba alisimama mbele ya ukuta muda mrefu, kofia mkononi. Sisi tulidhani anastaajabu rangi. Kisha akauliza, "Sasa hizi plagi za upande wa ndani, zilizoelekea kiti, fundi anazifikiaje?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa vijana 11 mle ndani, tumebishana juu ya motokaa ile wiki tatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza. Mtu wa Mbale akatazama dari. Mimi niliona haya, na furaha pia, maana lile lilikuwa swali la kwanza la maana lililoulizwa juu ya picha ile tangu ifike, na aliyeliuliza ni yule asiyetaka niwe fundi. Aliporudi kwenye taksi aliniuliza tena kama nimepata jibu.

Kwa hiyo wenye hoja wametukosea, na sisi tumejikosea pia, kwa jambo lingine kabisa. Kosa letu si kupenda kitu cha kitajiri. Tunajua nguvu za farasi za magari 40, na wengi wetu hatujapata kufungua plagi moja kwa mkono. Twatoa hukumu juu ya klachi mbili, na klachi moja hatujaiona sahani yake. Mtu anayeipenda motokaa kwa macho tu atachoka nayo ikitoka nyingine, na nyingine hutoka kila mwaka.

Nimekwisha kwenda kwa kiranja aliyeleta hoja. Tumekubaliana picha ya basi ibandikwe, na Corvette isiondolewe ila isogezwe kushoto. Kuna nafasi. Ameomba tu maandishi ya chaki yabaki, nami sikuona ubaya.

Neno langu la mwisho ni kwenu mliotutangulia hapa, ambao gazeti hili huwafikia Kampala, Nairobi na ng'ambo. Asanteni kwa picha. Msitutumie nyingine. Tunaomba injini, ya motokaa yoyote, hata iliyokufa, hata yenye bloku iliyopasuka, mradi nati zake bado zafunguka. Mwalimu wa fizikia ametupa kona ya stoo, karibu na mlango, penye mwanga. Baba amesema taksi yake itaileta bila nauli ikiwa iko popote kati ya Jinja na Mbale, ila isiwe siku ya soko.